Nilifunga Kamera Kwenye Ukuta Usio Wangu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kikombe cha chai mkononi, nilimwona mdogo wangu akivunja mlango wa jirani yangu kwa nyundo.

Nilimwona kwenye simu.

Nilikuwa chumba cha walimu, miguu juu ya kiti cha mwenzangu. Simu ikatetemeka kuniambia kuna mtu kwenye korido yangu. Nikafungua. Nikaona shati la kijani nililomnunulia mwenyewe, na nyundo inapanda, inashuka.

Sauti ilikuwa safi sana...

"Toka humo. Najua upo."

Nyuma ya mlango ule alikuwepo mkewe. Wifi yangu. Alikuwa amejificha humo karibu wiki tano ili huyu mtu asije akamuua.

Na aliyemwambia huyu mtu kwamba yumo humo ni mimi.

Msinipe pole. Someni kwanza, matusi mtaandika baadaye, nafasi ipo hapo chini.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu, mwaka wa kumi na tisa huu. Naingia darasani, naangalia macho ya watoto arobaini, namtoa mmoja mwenye simu ndani ya soksi. Sifa hiyo ilinipanda kichwani hadi nikaamini hakuna binadamu anayeweza kunidanganya.

Nyumba yangu iko ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo kila mtu kanunua fleti yake. Milango miwili inatazamana, hatua nne katikati. Mmoja wangu. Mwingine wa dada mmoja anayetengeneza kucha za watu sebuleni kwake.

Nilimwita Makucha. Tena mbele yake.

Nilimdharau tangu siku alipohamia. Wateja wanapanda na kushuka, wanacheka korido nzima, na harufu ya dawa zake inanifuata hadi chumbani. Mimi nilikuwa na vyeti vitatu ukutani, yeye alikuwa na kopo la brashi. Ndivyo nilivyopima watu, naona aibu kuandika, lakini naandika.

Sasa mdogo wangu.

Kitinda mimba wetu. Tunamwita Bosi tangu ana miaka minne, kwa sababu Mama alikuwa hali mpaka Bosi ashibe. Jamani, msimwite mtoto Bosi. Akikua anaamini.

Ana duka la kuuza na kufunga kamera za ulinzi. Siku moja jioni akaja kwangu, macho mekundu.

"Dada, amekimbia."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Amekimbia na nani?"

"Na mwanaume. Kwani wanawake wanakimbia na nani?"

Nikaamini hapo hapo. Nikamkaangia mayai. Nikamtukana wifi yangu hadi mayai yakaungua, nikakaanga mengine.

Alipomaliza kula akafuta mdomo, akasema, "Dada, unaishi peke yako hapa. Viatu vinaibwa milangoni. Nikufungie kamera, zawadi yangu."

Nani anakataa zawadi ya mdogo wake?

Kesho yake akaja na ngazi na mashine ya kutoboa. Akatoboa ukuta wa korido juu ya mlango wangu. Akaniwekea programu kwenye simu. Halafu akakaa pale juu dakika ishirini nzima akiligeuza jicho la kamera.

"Mbona linaangalia mlango wa Makucha?"

"Si ndiyo njia ya ngazi, dada? Lazima umwone anayepanda."

Nikaridhika. Fundi kasema.

Haikuisha siku, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba akagonga. Mpima ardhi mstaafu, ana faili la bluu analotembea nalo kwapani hata akienda kutupa taka. Mimi nilimwita Mzee Faili.

"Mwalimu, hiyo kamera uliombea ruhusa kwa nani?"

"Mlango wangu, ukuta wangu. Nimuombe nani?"

"Ukuta si wako."

Nikacheka. Nikamwambia hati ninayo, nimwonyeshe?

"Ilete," akasema.

Nikaileta nikiwa nimeinua kidevu. Akavaa miwani, akafungua ukurasa ambao mimi sijawahi kuufungua, akaweka kidole.

"Soma hapa. Mali yako inaanzia kwenye lipu ya ndani. Lipu ya nje, korido, ngazi na paa ni vya wote. Umetoboa ukuta wa watu kumi na wanane."

"Mzee, mwizi akija ataiba kwa watu kumi na wanane?"

"Sikukatazi kujilinda, mwalimu. Andika barua kwa kamati, tutakaa, tutakubaliana. Lakini igeuze iangalie mlango wako, isiangalie wa mwenzio. Zima sauti, maana kurekodi maneno ya watu bila wao kujua sheria hairuhusu. Bandika tangazo watu wajue wanaonekana. Na chochote utakachokiona humo usimtumie mtu. Kama ni uhalifu, peleka polisi."

"Umemaliza?"

"Nitakuandikia."

Akaniandikia kweli, ukurasa mzima. Mnajua nilifanya nini?

Nilichukua kalamu nyekundu nikaisahihisha. Nukta hapa, herufi kubwa pale, "sentensi ndefu mno." Nikampa alama nne kwa kumi, nikaandika "jitahidi", nikaibandika kwenye ubao wa matangazo wa chini.

Nilisimama nyuma ya kona kuangalia watu wakicheka. Walicheka. Nikapanda ngazi nikiwa na furaha ya kijinga.

Makucha naye akaja. Hakuja kwa shari, alikuja na kitambaa begani na vumbi la kucha kwenye nyusi.

"Madam, samahani. Wateja wangu wengine wanavua mitandio wakiwa ndani. Nafungua mlango kwa sababu ya harufu ya dawa. Kamera yako inawaona hadi kwenye kochi."

"Funga mlango."

"Tutakosa hewa."

"Basi tafuta kazi isiyonuka."

Aliniangalia kidogo, akarudi kwake. Nikajisifu kwamba nimemnyoosha.

Baada ya hapo kamera ikawa starehe yangu. Nisiwadanganye kwamba nilikuwa natafuta wezi. Nilikuwa nawasikiliza watu. Nani kaachwa, nani anadaiwa kodi, nani kanuna na mama mkwe. Chakula cha jioni nilikuwa nakula na simu imesimama kwenye glasi, nasikiliza korido.

Jumapili moja mchana, wiki ya tano, mlango wa Makucha ulikuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na mwanamke ambaye sikuweza kumwona. Nikasikia sauti yake.

"Dada, ile kamera pale juu... inasikia?"

Makucha akamjibu, "Ile ni ya mwalimu. Inalinda viatu vyake tu."

Nikaweka kijiko chini.

Ile sauti naijua. Imenikaribisha chakula miaka saba. Imeniita wifi tangu siku ya harusi.

Kumbe hakukimbilia mbali. Alikuwa hatua nne kutoka kwenye mlango wangu, kwa mtu ninayemdharau kuliko wote kwenye jengo zima. Hasira ikanipanda. Nilichokiona mimi ni kwamba wifi ananicheka. Kwamba Makucha anamfichia mwanaume wake. Akili yangu ya vyeti vitatu ilifika hapo ikasimama.

Nikakata kile kipande. Nikamtumia Bosi.

Hazikupita dakika mbili akapiga.

"Dada, una hakika?"

"Mimi nakosea sauti ya mtu?"

"Asante. Asante sana dada yangu. Usimwambie mtu, hasa yule mzee wa kamati."

"Utamfanya nini?"

"Nitaongea naye kiungwana. Ni mke wangu." Halafu akauliza, taratibu tu, "Kesho uko kazini?"

"Niko, hadi saa kumi."

"Sawa dada. Vizuri."

Haya. Sasa mnarudi pale nilipoanzia. Chai, miguu juu ya kiti, nyundo.

Nilipiga kelele kwenye simu nikidhani atanisikia. "Bosi, acha!" Walimu wote wakageuka. Kamera ile nilikuwa naitumia kusikiliza, sikuwahi kujifunza namna ya kusema kupitia kwayo.

Nikatoka mbio. Viatu niliviacha chini ya kiti.

Njiani simu iko mkononi, naangalia. Mlango ukaachia. Akaingia. Sikuona tena kitu, nilisikia tu. Kiti kikianguka. Glasi. Halafu sauti ya wifi yangu, ya juu, fupi, ikakatika.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu ile sauti.

Nilipofika, ngazi zilikuwa zimejaa watu. Nikapenya. Bosi wetu alikuwa chali sakafuni, amefumba macho, analia kwa kuwashwa. Makucha alikuwa amemmwagia usoni dawa ya kutolea rangi ya kucha. Juu ya kifua chake walikuwa wamekaa wateja wawili wa asubuhi hiyo, wanawake watu wazima, wamenyoosha vidole hewani kwa sababu kucha zao zilikuwa hazijakauka.

Mwanaume anayetikisa nyumba yake nzima. Wamemkalia kina mama wawili, na hakuweza hata kujigeuza.

Mzee Faili alikuwa amepiga magoti pembeni, amevua koti lake. Amemfunika wifi yangu. Mkono wa kushoto wa wifi ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Wifi aliniona. Aligeuza uso akaangalia ukuta.

Askari walikuja wawili, mmoja mwanamke. Wakamchukua Bosi. Wifi akapelekwa hospitali. Na mimi, bado nikiwa sina aibu, nikajipeleka mbele na simu yangu.

"Afande, ninayo yote hapa. Nimerekodi."

Nilidhani nimeokoa jahazi. Nilidhani atanishukuru.

Tukakaa kwangu mezani. Akaangalia tukio, akaandika. Halafu akauliza, "Huyu mama aliingia kwa jirani lini?"

"Sijui."

"Kamera yako inatunza siku ngapi?"

"Arobaini."

"Rudisha nyuma."

Tukarudisha. Siku ya tatu tangu ifungwe, saa nane mchana, mimi niko kazini. Mwanamke anapanda ngazi. Amevaa barakoa, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, mfuko mmoja wa plastiki mkononi. Anapita mlango wa Makucha.

Anakuja kwenye mlango wangu mimi.

Anasimama. Anainua mkono kugonga.

Halafu anainua macho, anaiona kamera. Mkono unabaki hewani. Aliijua. Nyumbani kwake Bosi alifunga nne za aina hiyo hiyo, moja jikoni. Anavuta mtandio, anageuka aondoke, na hapo Makucha anafungua mlango wake, ndoo ya taka mkononi.

"Unamtafuta mwalimu?"

Anatikisa kichwa.

Makucha anamwangalia. Hamuulizi jina. Hamuulizi ametoka wapi. Anaweka ndoo chini.

"Ingia basi unywe maji."

Na mlango unafungwa.

Askari aliniomba simu. Akaingia kwenye mipangilio ya programu, mahali ambapo mimi sijawahi kugusa. Akanigeuzia kioo.

"Hii simu ya pili ni ya nani?"

Kamera ilikuwa na simu mbili. Yangu, na ya mdogo wangu. Tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa naifungua wakati wa kula. Yeye alikuwa anaifungua asubuhi, mchana, jioni, wakati mwingine kila baada ya nusu saa.

Hakuna mwizi wa viatu aliyekuwa anasubiriwa pale. Bosi alijua mkewe akizidiwa atakuja kwangu. Alinifungia mtego juu ya mlango wangu, akanikalisha ndani yake, na mimi nikamkaangia mayai. Siku mkewe alipofika, barakoa ilimwokoa. Bosi aliona mteja wa kucha kama wateja wengine. Alikosa mtu wa kumthibitishia, nikajitolea.

Mnafikiri mwisho ni hapo? Tulieni. Kesi ilikuwa bado.

Mahakamani Bosi aliingia na suti na wakili. Wakasema alikwenda kuongea na mkewe kwa amani, kwamba nyundo ni kifaa chake cha kazi, kwamba mlango ulikuwa mbovu, kwamba wanawake walimvamia na mkewe akaanguka kwenye vurugu zao. Makucha aliposimama kutoa ushahidi wakili alimchambua hadi akalia. Wale wateja wawili walikimbilia chumbani nyundo ilipoanza, wakatoka mkono umeshavunjika, hawakuona mwanzo. Ushahidi wa wifi wakasema ni neno la mke dhidi ya neno la mume.

Mwendesha mashtaka akaomba video ichezwe.

Wakili wa Bosi akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, tunapinga. Kamera hii ilifungwa kwenye ukuta wa jumuiya bila ruhusa, ikaelekezwa ndani ya makazi ya mtu, ikarekodi mazungumzo ya watu wasiojua. Hakukuwa hata na tangazo."

Mzee Faili akaitwa. Akaulizwa kama kamati iliwahi kuniruhusu. Yule mzee hajui kusema uongo hata ukimpa muda ajiandae.

"Hapana, mheshimiwa. Tulimkataza."

Nilimwona Bosi akitabasamu. Kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Mteule wa Mama. Alifunga kamera mwenyewe, kinyume cha sheria, na sasa alikuwa anajificha nyuma ya uharamu wake.

Hakimu akaiweka video pembeni. Akasema hataitumia.

Wifi alikuwa amekaa mbele yangu, mkono kwenye plasta. Niliona mabega yake yakishuka. Kama Bosi akitoka pale siku ile, kila mtu mle ndani alijua atakwenda wapi.

Nikaitwa mimi.

"Shahidi, una lolote zaidi ya hiyo video?" mwendesha mashtaka akauliza.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, ananikazia macho. Usiku wa kuamkia siku ile alinipigia akaniambia nikimfunga mtoto wake nisikanyage kwake.

"Ninalo," nikasema.

Nikaeleza. Kwamba nilimpeleleza jirani. Kwamba nilimtumia Bosi sauti. Kwamba alinitaka nisiseme kwa mzee wa kamati. Kwamba aliniuliza kama kesho yake nitakuwa kazini.

"Alipouliza hivyo, ulidhani anataka kwenda kufanya nini?"

Hapa wasomaji wangu ndipo ninapowaomba msinipende.

"Kumpiga," nikasema.

Karani akaandika.

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu alishampiga mbele yangu. Mwaka jana, jikoni kwa Mama. Alimbamiza kwenye kabati. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Nilimwambia wifi afute machozi, wageni wanaingia."

Nyuma nikamsikia Mama akitoka, anaburuta viatu.

Hilo sikuwaandikia pale juu, nilipokuwa naelezea habari za mwanaume na mayai. Sikuwaandikia kwa sababu mngeacha kusoma. Nilijua, jamani. Nilijua Jumapili ile na simu sikioni. Nilitaka tu niwe nimemkamata mtu.

Bosi alifungwa. Si miaka mingi kama ninavyotaka, lakini alifungwa, na safari hii hakuwepo mtu wa kuacha kula hadi yeye ashibe. Hakimu alisema maneno ya dada yake ndiyo yaliyoonyesha kwamba alipanga.

Mimi nina kesi yangu. Makucha amepeleka malalamiko kwa kurekodiwa nyumbani kwake, na ana haki. Kamati ilinipa siku saba niitoe kamera, nizibe tundu, nipake rangi. Nilipaka mwenyewe. Makucha alipita na mteja, wakaingia, wakafunga mlango.

Siku ya hukumu wifi alinikuta nje kwenye ngazi za mahakama. Nikataka kumshika mkono ule mzima. Akaurudisha nyuma.

"Asante kwa kusema, wifi."

"Nisamehe."

"Ulisema kweli siku ile, niliisikia. Lakini usinitafute."

Akashuka na Makucha, wakapanda gari, wakaondoka. Sijamtafuta.

Haya, somo, maana najua mtaniuliza. Kamera si dhambi. Ila kabla hujaifunga, soma hati yako ujue ukuta wako unaishia wapi. Waombe wenzako kwa maandishi. Iangalie mlango wako, si sebule ya mtu. Zima sauti. Ujue ni simu ngapi zinaiona, na usimpe mtu kipande hata kimoja. Usipofuata hayo, siku utakayoihitaji kweli mbele ya hakimu itawekwa pembeni, na atakayefurahi ni yule yule mhalifu.

Hayo yote nilielezwa na mzee mwenye faili, bure, mlangoni kwangu.

Na wewe uliyeshika simu sasa hivi unatafuta neno la kunitukana, tukana, nimestahili. Ila kama una mdogo wako wa aina hiyo, umemwona kwa macho yako anachofanya, na Jumapili hii unampakulia chakula na kumuuliza mkewe mbona amenuna, basi wewe na mimi ni wale wale. Na mimi sikuheshimu hata kidogo.